Pamba Kwenye Sampo

Mke wangu Scolastika alijifungua alfajiri ya Jumapili, mwezi wa Agosti mwaka 1981, nyumbani kwetu karibu na Bulyanhulu. Mtoto alitoka mzima, wa kiume. Kondo la nyuma lilitoka vipande vipande, na damu haikukoma. Tukamfikisha zahanati ya Segese kwa gari la kituo cha pamba. Mganga alimdunga sindano, akamfunua jicho akalitazama, kisha akaniambia wazi kwamba pale hapakuwa na damu ya kumwongezea. Tumpeleke hospitali Kahama, na tusikawie.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova iliyoanza kazi kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa karani wa kituo, na dereva alikuwa Pantaleo, ambaye ndiye aliyekuwa fundi pia. Siku nne kabla ya hapo alikuwa ameshusha sampo, lile karai la chuma chini ya injini ambamo oili hukaa, kwa sababu oili ilikuwa imezeeka mpaka ikawa kama uji mweusi. Aliniomba niipanguse wakati yeye akikata kwenye boksi la sabuni gasketi ya kuziba oili isivuje. Vitambaa havikuwepo. Mwaka ule hata shuka la mgonjwa lilikuwa la kutafuta. Lakini ghala lilikuwa limejaa pamba ya msimu mpaka kwenye paa, na huku kwetu pamba ndiyo tunayofutia kila kitu: kidonda, chemli, pua ya mtoto. Nikachota mafungu matatu manne, nikaisugua sampo mpaka ikang'aa. Nyuzi zilizobaki zililowa oili zikawa nyeusi kama chuma chenyewe. Pantaleo aliniambia karani ningefaa kuwa fundi. Hakuuliza nimetumia nini.

Tuliondoka Segese saa tano. Scolastika alilala nyuma juu ya magunia matupu, kichwa chake mapajani mwa dada yake Mbuke. Mtoto tulimwacha kwa mama yangu. Mimi nilikaa mbele.

Hatukwenda nusu saa, ile taa ndogo ya kuonya kuhusu oili ikawaka. Pantaleo alizima injini palepale. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwepo, tena ilifika kwenye alama ya juu. Akapapasa waya wa taa, akaukaza. Tukangoja kidogo. Alipowasha, taa ilizimika na injini ikawa shwari, tukashukuru, tukaenda.

Baada ya dakika kumi ikawaka tena, na safari hii injini ilianza kugonga kwa juu, kama mtu anayepiga bati kwa kijiko. Tukasimama. Pantaleo akasema oili imo lakini haipandi. Akamlaumu Jafferali, mwenye duka wa Kahama aliyetupatia lile debe la oili mpya. Huenda, alisema, ameichanganya na mafuta ya mbegu za pamba.

Aliposema neno pamba nikajua. Sikuhisi, nilijua. Niliona mikono yangu ndani ya sampo, na nyuzi zikibaki kwenye kona za chuma. Jafferali nilimfahamu, alikuwa mtu mwaminifu. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema, Pantaleo atataka kufungua chini, na kufungua ni saa nzima, na pengine gari litajikongoja hivyohivyo mpaka Kahama. Nilijiambia hivyo, lakini ilikuwa aibu. Mbuke alikuwa akisikiliza nyuma yangu.

Gari likaenda kwa mtindo huo. Likipumzika, taa inazimika. Likienda kidogo, inawaka. Kila mara mwendo ulikuwa mfupi kuliko wa kabla.

"Fundi, gari lako linapumzika kuliko mgonjwa," Mbuke alisema.

"Nikililazimisha, mayu, litakufa. Nalo halina zahanati," Pantaleo alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Scolastika alicheka kidogo. Sauti yake ilikuwa imepungua. Aliniambia, "Baba Mageni, akimaliza huyo, mwambie na mimi anikaze nati." Mageni ni binti yetu wa kwanza, wakati ule alikuwa na miaka mitatu. Nilitaka kumjibu kwa utani kama ilivyokuwa kawaida yetu, nikaishia kuitazama ile taa ya oili.

Mara ya tano injini iligonga vibaya na Pantaleo akasema basi, haendi hata hatua moja. Barabara ilikuwa tupu. Siku zile magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na hata kabla ya saa nane hayakuonekana, maana petroli ilikuwa haipatikani. Wachimbaji wawili waliotoka Bulyanhulu na baiskeli walitusaidia kusukuma gari mpaka kwenye kivuli cha mgunga. Walijitolea kumbeba mgonjwa kwenye keria. Mbuke akawauliza kama wanaona mtu wa kukaa pale. Wakamwangalia Scolastika, wakavua kofia, wakaondoka taratibu bila kupanda baiskeli yao.

Pantaleo alifungua kile kidude cha ubavuni mwa injini kinachowasha taa, akaniambia nizungushe hendeli. Kama pampu inasukuma, oili ingeruka kwenye tundu. Nilizungusha mpaka mabega yakauma. Likatoka tone moja, likakaa pale kama chozi la mzee. Akafungua fita inayochuja oili, akaiona safi, akairudisha. Akafikiria kufungua pampu, akasema hana spana yake. Akaketi kwenye vumbi akishika kichwa. Nilikuwa nimemwacha ahangaike hivyo zaidi ya saa nzima.

Nyuma Scolastika alisema anasikia baridi. Ilikuwa saa saba na nusu na bati la gari lilikuwa haligusiki.

"Panta," nilisema, "ile sampo niliipangusa kwa pamba."

Aliinua uso. "Pamba ya dukani?"

"Ya ghalani."

Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru.

"Umekumbuka sasa hivi?"

"Tuliposimama mara ya pili."

Aliingia chini ya gari kwa mgongo, na kutoka huko akaagiza nilete chombo cha kukingia oili, maana hatukuwa na nyingine na hiyohiyo ilibidi irudi. Chombo kilichokuwepo ni karai moja tu, lile Mbuke alilokuwa akikamulia kanga za mgonjwa zilizolowa damu. Nilisimama nyuma ya gari nikashindwa kuliomba. Mbuke alikuwa amesikia yote. Alimwaga yaliyokuwemo kwenye nyasi, akanipa, akasema tu, "Lifute." Nilivua shati nikalifuta nalo. Halafu nikalikagua ndani kwa kidole, kila mahali, nisije nikaacha uzi.

Boliti zilikuwa ishirini na ngapi, nimesahau. Pantaleo alizifungua akinipa moja moja, nami nikizipanga kwenye kofia yangu. Sampo ikashuka. Ndani kabisa, kwenye mdomo wa bomba linalonyonya oili, pana chujio la waya. Lilikuwa limevaa pamba. Ilikuwa imeshikana na kuwa nene kama blanketi, nyeusi, na katikati yake palikuwa na mbegu moja. Injini ikizunguka, pampu iliivuta pamba ile ikaziba waya. Ikisimama, pamba ililegea na oili ikapita kidogo. Ndiyo maana gari lilikuwa likipona kila tulipongoja.

Pantaleo aliibandua kwa kucha, akaninyooshea bila kunitazama. Akaosha chujio kwa petroli kidogo aliyonyonya kwenye tangi kwa mpira. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema kufunga ni polepole kuliko kufungua, gasketi ya boksi ikipasuka ndio basi.

Nilikwenda nyuma. Scolastika alikuwa amefumba macho. Nilimshika mguu, ulikuwa wa baridi, nikaufunika kwa magunia. Aliuliza kama limepona. Nikamwambia linapona. Nilitaka kumwambia kuhusu pamba, maana mambo yangu yote nilikuwa namwambia yeye kwanza, lakini Pantaleo aliniita nishike sampo aingize boliti za mwanzo. Nikaenda. Nililala chini pale nikiinua chuma kwa mikono miwili, vumbi likiniingia machoni, na juu yangu, upande wa pili wa bati, nilikuwa nikimsikia Mbuke akiongea Kisukuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Baadaye akanyamaza. Nikadhani mgonjwa amesinzia.

Tulimimina oili kwa kuichuja kwenye kipande cha shati langu. Pantaleo aliwasha. Taa ikawaka, ikazimika. Alikanyaga mafuta kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Injini ilitulia, haikugonga hata kidogo. Alishuka akifuta mikono, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona ametabasamu. Alikwenda nyuma kumwambia Mbuke kwamba sasa Kahama tutafika bila kusimama.

Mbuke alikuwa amemfunika Scolastika uso kwa kanga yake.

Pantaleo alirudi akazima injini. Nikamuuliza Mbuke ilikuwa saa ngapi, kana kwamba nilihitaji kuandika mahali. Alisema ni pale tulipoanza kukaza.

"Mbona hukutuita?"

"Ili mfanye nini, shemeji?" alisema. Sauti yake haikuwa na ukali. "Niliwaacha mmalize. Nyumbani tungemrudishaje?"

Barabara pale ilikuwa nyembamba na ina mtaro pande zote mbili. Pantaleo aliwasha tena, akasema hawezi kugeuza bila mtu wa kumwelekeza kwa nyuma. Nikasimama katikati ya barabara, kifua wazi, nikawa nampungia mkono: njoo, njoo, kidogo tena, basi, kata kulia.