Kumsindikiza Kiangazi

Kila asubuhi, kabla hajavua koti lake, msimamizi wa kiwanda cha kufulia nguo alipitia chumba cha kukaushia kumtukana Mama Kinda. Hakuwa na chuki naye. Alisimama mlangoni, akasafisha koo, akamwambia kwamba anatembea kama mtu aliyebeba meza mgongoni, au kwamba mashuka ya jana yalikunjwa kwa miguu. Kisha alinyoosha mkono kupima hewa. Joto likiwa limepanda vya kutosha, alimshukuru na kwenda kunywa chai. Siku za mawingu aliongeza tusi la pili, na kabla ya kulitoa aliomba radhi.

"Samahani, mama," alisema. "Leo tuna mablanketi ya hospitali."

Mama Kinda alikuwa mtu wa majira. Watu wa majira wamo katika kila mji, ingawa si wengi. Masikio yao yamechongoka kidogo kama ncha ya jani, na miili yao hupita masika, kipupwe, vuli na kiangazi bila kuiuliza kalenda. Katika masika hufurahi, na unyevu huwatoka shingoni. Kipupwe huwaletea huzuni, nyusi zikashika barafu nyembamba. Vuli huwafanya watulivu na wepesi wa kutoa. Kiangazi huwapa ujasiri na hasira, nywele zao zikageuka rangi ya nyasi kavu. Zamani kiwanda kilikuwa na mashine ya kukaushia. Iliuzwa mara tu Mama Kinda alipoajiriwa, zikafungwa kamba chumba kizima, na yeye akawekewa kiti katikati, matusi yakimzuia asitoke katika kiangazi.

Hasira, hata hivyo, haivuliwi mlangoni kama aproni. Mama Kinda alirudi nayo nyumbani. Ilikuwa na faida zake: chai ilichemka kwa kushikwa birika tu, na nguo za shule zilikauka akizipita. Lakini alifoka kwa sababu ya kiatu, akafoka kwa sababu ya kijiko, na akimaliza alijifokea kwa kufoka. Binti yake alijua kusoma nyayo zake tangu zikiwa ngazini, na alikuwa ameshajifunza kukaa upande wa chumba ambao nyayo hazikuelekea.

Binti huyo, ambaye kila mtu alimwita Kinda, alikuwa hajashika msimu bado. Watoto wa watu wa majira huzaliwa hivyo, si moto si baridi, nywele zao hazina rangi ya kuisimulia. Hujifunza kugeuka kwa kulala kando ya mzazi anapogeuka, kiganja juu ya kiganja. Na muda wa kujifunza ni ule wa meno ya utoto. Jino la mwisho likidondoka kabla mtoto hajageuka, atabaki vuguvugu maisha yake yote. Si ugonjwa. Walikuwa na shangazi wa aina hiyo, mtu mwema, mlipaji mzuri wa kodi ya nyumba, ambaye alikaa katika harusi yake mwenyewe kama mtu aliyeingia dukani kujikinga na mvua. Neno "vuguvugu" halikutajwa nyumbani kwa Mama Kinda, hata kwa maji ya kuoga.

Na jino la mwisho la Kinda lilikuwa limeanza kucheza.

Mama Kinda alijitahidi kwa kila njia aliyoijua. Alijimwagia maji baridi. Alilala sakafuni. Alimweleza mtoto misimu yote kwa maneno, na Kinda alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayefundishwa kuogelea ubaoni. Mwishowe alimwendea msimamizi, akamweleza habari ya jino, akaomba ruhusa ya kugeuka. Msimamizi alimvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye pia ana watoto. Akamshauri asubiri mashuka yapungue. Mashuka hayakupungua. Watu waliendelea kuugua, na wengine waliendelea kulala hotelini.

Mama Kinda alikuwa na kaka mmoja, aliyejulikana mtaani kote kwa jina la Jokofu, kwa sababu alifanya kazi katika chumba cha nyama cha bucha kubwa. Huyo aliwekwa katika kipupwe. Kila asubuhi mwenye bucha alimletea habari za misiba: fulani amefariki, fulani ameacha watoto, fulani alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga. Kaka alihuzunika kwa dhati, hata kwa watu asiowajua, na nyama hazikuharibika. Alikuwa humo tangu ujana. Siku za mapumziko alimtembelea dada yake, akakaa mbali na jiko ili asichuruzike kwenye mkeka wa watu.

Katika matembezi kama hayo alimkuta Mama Kinda amelowa kichwa hadi miguu, nywele zake zikifuka mvuke.

"Unakifukuza?" aliuliza.

"Nakifukuza nini?"

"Kiangazi. Unakimwagia maji kama mbwa aliyeingia jikoni." Jokofu alitikisa kichwa, na chembe za barafu zikadondoka begani. "Msimu ni mgeni, dada yangu. Mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Bibi alituambia, ila wewe ulikuwa unalamba sufuria."

Basi akamkumbusha. Unauambia msimu ulichokupa, unauambia ulichokuchukulia, pasipo kupunja upande wowote. Unaushukuru kwa kuja. Halafu unautoa hadi mlangoni na unatembea nao hatua chache, kama ungemfanyia yeyote. Mama Kinda alikamua nywele zake. Jambo hilo alilijua vizuri sana na alikuwa amelisahau kabisa, kwa sababu tangu aajiriwe hakuna msimu uliowahi kuaga.

"Mbona wewe wako hujausindikiza?" aliuliza.

"Wangu?" Jokofu alitabasamu, na tabasamu likapasua ufa mdogo shavuni. "Wangu umeshakuwa mwenyeji. Unajua hata sukari inakaa wapi."

Siku chache baadaye jirani aliyezoea kumwangalia Kinda alipata dharura, na Mama Kinda hakuwa na budi kwenda na mtoto kazini. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Katika chumba cha kukaushia mashuka yaliyolowa yalijaa hadi darini, na Kinda akaketi chini ya moja kama mtu aliye ndani ya hema, akilisukuma jino kwa ulimi.

Msimamizi alifika na koti lake. Alipomwona mtoto alisita. Alitazama mashuka, akatazama dirisha, akawaomba radhi wote wawili. Ndipo akamwambia Mama Kinda kwamba hata kuku analea vizuri kuliko yeye.

Joto lilipanda mara moja. Mashuka yalianza kupepea bila upepo. Msimamizi alinyoosha mkono, akaridhika, akasema, "Asante, mama," na akaenda zake.

"Mama," Kinda aliuliza kutoka chini ya shuka, "yule baba anakutukana kwa nini?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na yako?"

"Kukasirika."

Kinda alilifikiria jambo hilo. Sauti yake haikuwa na lawama wala huzuni. Vitu hivyo alikuwa hajavipata bado. "Na nyumbani," alisema, "nako ni kazini?"

Mama Kinda alichukua shuka lililokwisha kunjwa akalikunja upya. Akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama leso.

Kengele ya chakula ilipolia, mwanamke mzee wa kupiga pasi, aliyeitwa Bi Mkunjo, alikuja na chai na mkate. Mama Kinda alimwambia anachotaka kufanya. Bi Mkunjo hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Alivuta kigoda chake hadi mlangoni, akakaa juu yake kwa upana wake wote, akasema anayetaka kupita na apitie juu ya maiti yake, au angoje amalize mkate.

Mama Kinda alilala juu ya rundo la mashuka makavu. Kinda alilala kando yake, kiganja chake kidogo juu ya kiganja cha mama, ambacho kilikuwa cha moto kama sahani iliyotoka jikoni. Kisha mama akazungumza, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni mkubwa.

"Ulinikuta mjane mwoga," alisema, "nisiyeweza kudai hata chenji yangu. Ukanipa ulimi. Ukanipa kazi, ukanitafutia chumba chenye dirisha. Hilo sikunyimi." Akakishika kiganja cha mtoto. "Ukanichukulia sauti ya kumbembelezea mtoto. Mwanangu amekua akiniona mgongo. Na hilo pia ni lako." Machozi yalimtoka yakakauka kabla ya kufika masikioni. "Asante kwa kuja. Twende, nikutoe. Karibu tena, ila si kesho."

Akafumba macho. Kwa muda chumba kilibaki vile vile, moto na kimya, Bi Mkunjo akitafuna mlangoni. Halafu mkono wa Mama Kinda ukapoa. Nywele zake zikaanza kubadilika kutoka mizizini, kijani kikipanda polepole kama maji katika utambi. Harufu ya udongo ulionyeshewa ikajaa chumbani. Na mvua ikaanza kunyesha, mvua kubwa, ya masika, kutoka chini ya dari hadi sakafuni, ndani ya chumba kile peke yake. Kwenye korido palikuwa pakavu. Bi Mkunjo alivuta miguu yake upande huo, akamalizia mkate.

Kinda hakushika masika. Mtoto huchagua msimu wake. Kwanza alilia, kilio kizito cha mambo yote ambayo hakuwa ameyalilia kwa wakati wake: nyayo za ngazini, viatu, vijiko. Kilio kilipokwisha, nywele zake zilikuwa na rangi ya dhahabu iliyolowa, na kijimvua chembamba kikawa kinamnyeshea yeye tu, ndani ya mvua ya mama yake. Ilikuwa vuli. Kutoka nyuma ya sikio lake akaruka kumbikumbi mmoja, kisha wengine, kisha kundi zima lenye mbawa zinazong'aa, na wakatua juu ya mashuka ya hospitali. Kinda alicheka. Ndipo jino lilipodondoka, likaviringika chini ya rundo la mablanketi, na hakuna aliyelitafuta.

Mama Kinda alimtazama akicheka. Akajaribu sauti yake, kwa hadhari, kama anayeijaribu ngazi ya zamani kwa mguu mmoja. "Mwanangu," alisema. Ilikuwapo bado.

Msimamizi alipokuja, Bi Mkunjo alimpisha, kwa kuwa mkate ulikuwa umekwisha. Alisimama mlangoni akitazama maji yakimfikia viatuni. Aliuliza itaisha lini. Mama Kinda alimjibu kwamba itaisha ikiisha. Msimamizi akajaribu, kwa wajibu, kumwambia kwamba anafanana na ndoo. Mama Kinda alicheka mpaka akashika mbavu, na mvua ikaongezeka. Msimamizi akafunga mwavuli aliokuwa ndiyo kwanza anaufungua, maana aliona hauna kazi, akasema atafikiria.

Alifikiria kwa haraka. Kesho yake Mama Kinda alihamishiwa kwenye mabeseni ya kufulia, na kiwanda kikafunga bomba la maji. Chumba cha kukaushia alipewa kijana mwingine wa watu wa majira, mpole, aliyehitaji kazi, na akakalishwa kwenye kiti kile kile. Tangu hapo msimamizi alikuwa na vituo viwili kila asubuhi. Kwenye mabeseni alisimulia kichekesho ili masika yasikatike, na kwenye chumba cha kukaushia alitukana. Uso wake ulikuwa ule ule kote kuwili. Mama Kinda alicheka, si kwa sababu ya vichekesho, ambavyo vilikuwa vibaya sana, bali kwa sababu ya uso.

Lakini kengele ya chakula ilipolia alikwenda kukaa na kijana wa kiangazi, akamfundisha maneno ya kumuaga mgeni kabla hajajifanya mwenyeji. Na masika yake yalipokomaa aliyasindikiza pia, katikati ya wiki, bila kuomba ruhusa. Msimamizi alikuta mabeseni makavu, akakuna kichwa, akafungua bomba. Hakumfukuza. Alisema tu kwamba kiwanda kinahitaji watu wanaotulia, na Mama Kinda akakubaliana naye kwamba kutulia ni jambo zuri.

Jokofu aliendelea kukaa katika chumba cha nyama, na mwenye bucha aliendelea kumletea misiba. Ila siku za mapumziko, alipokuja kutembea, Kinda alimvuta mpaka kwenye mkeka, karibu na jiko, akamlaza, akalala kando yake.

"Haya, mjomba. Mwambie amekupa nini."

Jokofu alifikiri kwa muda mrefu. Mgeni aliyekaa miaka mingi ana mizigo mingi, na hatoki mara moja. Mwishowe alisema kwamba kipupwe kilimpa heshima ya kuwalilia watu ambao pengine hawakuwa na mtu mwingine wa kuwalilia. Hilo moja lilimchosha. Alisema mengine yatasubiri wiki ijayo.

"Sawa," alisema Kinda. "Leo tumemtoa mpaka mlangoni."

Mama Kinda, jikoni, aliacha kukoroga. Kwenye nyusi za kaka yake barafu ilikuwa imelegea. Tone moja lilijikusanya polepole, likaning'inia, likamdondokea Kinda kwenye kiganja. Kinda alilifumbata, akalisikiliza kwa ngozi.

"Ni vuguvugu," alisema.

Na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa katika nyumba ile, na watu wote watatu wakalifurahia.