Damu Kwenye Mswaki wa Tusekile

“Mimba hula meno, Felista, na wewe unakula habari za watu,” Atuganile aliniambia, kisu cha kukatia ndizi mkononi. “Sisi tulizaa tukitema damu. Tulikufa?”

Nikamjibu kwamba sisi hatukufa, ila mjukuu wake wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi yake na hakumaliza juma. Akaniita mmbeya. Sikukataa. Kwangu hapa Masoko watu hawaishi kuingia, na tangu biashara ya ndizi ifunguliwe, wenye malori wanaonunua ndizi huniachia habari za mjini. Wao ndio walioniambia kwamba Tukuyu kuna daktari wa meno, na mjamzito anatibiwa.

Tusekile, mke wa mwanawe Atuganile, alikuwa na mimba ya pili. Fizi zimemvimba, na mswaki kauacha kabisa kwa kuogopa damu. Lori la kwenda Tukuyu lilikuwa linapakia pale pale tulipogombana. Lakini mbele, karibu na dereva, alikaa mzee Andongwisye, baba mkwe wa Tusekile, akisindikiza ndizi zake sokoni. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hapiti njia yake, sembuse kupanda naye gari moja. Ndiyo maana Tusekile alikuwa amejibanza nyuma ya migomba.

Mzee alitusikia yote. Akashuka, akaugeukia mgomba.

“Mgomba wewe,” akasema, “mimi leo gari limenichosha. Natembea. Mwenye safari ya Tukuyu na apande.”

Akashika fimbo yake, akakipanda kilima chote kwa miguu. Atuganile akaweka kisu chini, akaenda kumshika mkono Tusekile.

Huko Tukuyu daktari alimsafisha meno. Akamweleza kwamba damu inaletwa na uchafu uliokwama kwenye fizi, kwa hiyo apige mswaki taratibu, asiache. Kuhusu mtoto hakuahidi kitu. Alisema tu imeonekana wenye fizi mbovu huwahi kujifungua kuliko wengine, basi heri zitibiwe.

Mtoto alitimiza miezi yake, akaja na sauti ya kuamsha mtaa. Kama ni mswaki, kama ni Mungu, mimi nashukuru kote. Hata ule mgomba niliushukuru nilipoupita kwenda kumwona.

Mlangoni nikasita, maana Atuganile nami hatukuwa tumepatana. Akatokeza, mjukuu kifuani.

“Mmbeya, unasimama nje kama mgeni? Ndizi zimeiva. Ingia ule.”