Gauni la Mto

Mto uliingia dukani kwa Bi Futi Jumatatu asubuhi, wakati Bi Futi akiwa amepiga magoti nyuma ya mke wa mwokaji mikate, pini amezibana midomoni, anabishana na zipu. Zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo. Mke wa mwokaji alishikilia kwamba gauni ndilo lililorudi lilipofuliwa, na kwa sababu ya zile pini Bi Futi hakuweza kumjibu alivyotaka. Mto ulisimama kwanza kwenye mkeka wa mlangoni ukajikung'uta matope, kisha ukaenda kukaa mwisho wa benchi, umejikunja upande wa ukuta ili usilowanishe vitambaa vya watu. Fundi saa wa duka la jirani, aliyekuwa akisubiri suruali yake, alisogea akaupisha.

"Foleni ni hii unayoiona," aliuambia. "Fundi wetu hana upendeleo, hata ungekuwa nani."

Mto ulisubiri zamu yake.

Bi Futi hakuzaliwa na jina hilo. Alilirithi kwa mama yake, pamoja na cherehani, mkasi mzito, futi ya kupimia ambayo haikubanduka shingoni, na ile tabia ya kumtazama mtu kiunoni kabla ya kumtazama usoni. Mama alikuwa na binti wawili wa kuwafundisha ushonaji, na wateja wake hawakukubali kuchezewa na watoto. Basi kila mwisho wa mwezi aliwachukua wote wawili, wakavuka ule uwanda wa umma wenye nyasi ndefu, wakashuka mpaka mtoni, wakaupima mto kama anavyopimwa mteja. Kifua kilikuwa pale penye mawe ya kufulia. Kiuno kilikuwa darajani. Nyonga zilikuwa kwenye kona, chini ya miti. Dada mtu alisimama ng'ambo hii, mdogo wake ng'ambo ile, kamba ikapita katikati, na mama akaketi juu ya jiwe, miguu majini, akisahihisha.

"Watu watawadanganya," alikuwa akisema. "Atavuta tumbo, atajaza pumzi kifuani, atakuapia kwamba hajanenepa tangu harusi yake. Mto hauvuti tumbo. Jifunzeni kwake."

Kisha waliogelea, wakala mkate na chai ya baridi kutoka kwenye chupa, wakarudi mjini nywele zikiwa bado mbichi. Njiani watu waliwauliza, "Hajambo leo?" Na mama akajibu bila kusimama, "Hajambo, kaongezeka kidogo nyongani," na wa mashambani kule chini wakajua kama wapande au wangoje. Mama alipofariki, mabinti waliendelea, na watu wakaendelea kuuliza. Kila Bi Futi alipozikumbuka siku hizo alisikia njaa, hata kama ndiyo kwanza ametoka mezani. Alizipenda kuliko kitu kingine chochote alichowahi kuwa nacho.

Halafu ikaja sheria. Ilikuja kwenye vibao vya kijani vilivyochomekwa kuuzunguka uwanda wote, ikisema ni marufuku kwa raia yeyote kupima, kuchota, kuchora, kupiga picha au kunusa kwa makusudi kitu chochote kilichomo katika ardhi ya umma bila kibali. Sababu, walivyoelezwa, ni kwamba watu wasio na utaalamu hukusanya habari nusunusu na kuwatia wenzao hofu. Bi Futi alipanda ngazi za halmashauri kwenda kuomba kibali. Karani alikuwa muungwana. Alimpa kiti apumue, akamweleza kwamba vibali hupewa wale ambao tayari wanavyo. Kiwanda cha maji ya chupa, kule juu mto unakoanzia, kilikuwa nacho. Kilikuwa kikiupima mto chenyewe, na kila mara kilikuta hali ni nzuri. Kesi ya ngedere amepelekewa nyani, watu walisema, ila walisemea majumbani mwao.

Basi mto ukakaa bila kupimwa. Na mteja aliyemzoea fundi wake, fundi asipokuja, humfuata.

Zamu yake ilipofika, mto ulisimama mbele ya kioo, mikono imetengwa kidogo na mwili, kama walivyofundishwa wateja wote wa duka lile. Bi Futi alianza na mabega. Akashuka kifuani. Alipofika kiunoni, futi ilizunguka ikakutana na mwanzo wake mapema mno, na kipande kirefu kikabaki kikining'inia mkononi. Akapima tena. Mto haukuvuta tumbo. Aliuwekea kiganja shingoni, kama anavyowekewa mtoto mwenye homa, akasikia harufu ya plastiki na chuma.

"Umekonda kama ng'onda," alisema taratibu. "Nani anakufanyia hivi?"

Mto ulitazama sakafu. Jibu lilijulikana na kila mtu aliyekuwa kwenye lile benchi.

Mama yake alikuwa na mwiko mmoja mezani pa kukatia: mgonjwa hashonewi nguo ya kumbana. Mgonjwa hukatiwa kwa kipimo cha siku zake za afya, ili akipona asikose la kuvaa, na ili nguo imkumbushe anakotakiwa kurudi. Yeye mwenyewe katika ugonjwa wake wa mwisho alishonewa hivyo na wanawe. Alivaa gauni lililompwaya kotekote, akakaa kitandani akilisifia mishono. Kwa hiyo Bi Futi hakufikiri mara mbili. Alitandaza kitambaa cha buluu, akapiga chaki vipimo vya utotoni ambavyo hakuwahi kuvihitaji kwa maandishi, akakata. Mto ulipolivaa, gauni lilijaa sakafuni na mabega yakateleza. Hata hivyo ulilipenda. Ulijizungusha mara moja ukailowesha meza ya kupigia pasi.

"Liache nikutilie vifungo," Bi Futi alisema. "Njoo wiki ijayo."

Wiki hiyohiyo alikuja afisa taarifa wa wilaya, mwenye dhamana ya ile sheria, kujaribisha koti lake jipya. Aliliona gauni ukutani.

"Fundi, nasikia unapima mto humu ndani."

"Namshonea mteja, Bwana Afisa. Inua mkono."

"Mto ni wa umma."

"Mteja akiingia hapa siulizi ni wa nani. Hata wewe ni wa serikali, na nakupima."

Afisa aliinua mkono wa pili, akafikiri. Hakuwa mtu mbaya; mama yake alizikwa kwa gauni la duka lile. Mwishowe akasema duka si ardhi ya umma, gauni si takwimu, na fundi anayo leseni ya biashara ukutani, kwa hiyo hakuona kosa. Aliomba tu mikono ya koti ishushwe kidogo.

Mdogo wake Bi Futi alikuwa na kitalu cha miche kule chini kabisa, maji yanakofika yakiwa yamechoka. Alikuja jioni na viatu vilivyokauka matope, akakaa juu ya marobota ya vitambaa kama alivyokaa tangu utoto.

"Dada, asubuhi mfereji unanitolea tope, mchana haunitolei kitu. Na sasa kiwanda kinaomba bomba la pili. Ijumaa kuna kikao ukumbini, wananchi wasikilizwe. Wakipewa hilo bomba, mimi nafunga kitalu. Sina la kubembeleza tena."

"Tutasema nini? Tukitaja kipimo tumevunja sheria."

Mdogo mtu alikuwa akilitazama gauni. Aliinuka, akalishika kiunoni kwa mikono miwili, akaukumbuka mto ule ulivyokuwa umejaa chini ya daraja, na machozi yakamlenga.

"Hatusemi kitu," alisema. "Tunamvalisha. Alivae mbele yao. Wakiona linavyompwaya, wataona kilichopotea, na sisi tutakuwa tumekaa kimya."

Bi Futi aliona ni wazo zuri kuliko yote aliyowahi kusikia kwa mdogo wake, ambaye kwa kawaida mawazo yake yaliishia kumgharimu. Afisa naye alikubali gauni lipokewe kama kielelezo, kwa kuwa lilishonwa kihalali. Akalichukua mwenyewe kabla ya kikao, kwa risiti, akalikunja vizuri.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Gauni lilitundikwa kwenye mwamba wa pazia nyuma ya mwenyekiti, limekunjuliwa lote, la buluu, pana, zuri. Mto ulifika mapema ukakaa safu ya nyuma, karibu na mlango, bila vazi, umejikunja. Watu wa safu ile waliinua viatu vyao kidogo, ikawa imetosha.

Mtaalamu wa kiwanda alisimama akalisogelea gauni. Alilishika upindo kwa heshima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nilikuja na takwimu," alisema. "Lakini naona fundi ametangulia. Huyu ni fundi wa mto tangu enzi za mama yake, hakuna asiyemjua. Tazameni kiuno hiki. Tazameni nyonga. Mwenye kiuno hiki anaumwa?"

Ukumbi ulilitazama gauni, na ukweli ni kwamba lilionekana la mtu mwenye afya tele. Wazee waliutambua mto wao wa zamani, wakatabasamu bila kutaka. Mmoja alisema, "Ndivyo alivyokuwa," akajifuta macho, na katibu akaandika kwamba ndivyo alivyo.

Bi Futi alisimama. "Gauni hilo halimkai, linampwaya. Yuko pale nyuma. Mvalisheni muone."

Mwenyekiti alinong'onezana na afisa taarifa. Afisa alipekua vifungu vyake, akachelewa, akapekua tena. Aliposimama, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Fundi, ukumbi huu ni mali ya umma. Kumvalisha humu ndani, ukaona panapobana na panapopwaya, ni kumpima. Dukani kwako ruhusa. Hapa, hapana."

"Basi geukeni mumtazame tu."

"Kutazama kwa makusudi nako ni kupima kwa macho," afisa alisema.

Mwenyekiti akawaomba wananchi watazame mbele. Wakatazama mbele. Nyuma yao palisikika matone yakidondoka kutoka kwenye kiti, moja moja, na hakuna aliyegeuka. Bomba la pili lilipitishwa kabla ya chai.

Njiani kurudi, mdogo mtu hakulia. Alikuwa akitembea mbele, na mara akasimama.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema. "Tumemfichia wenyewe, dada. Kwa kitambaa kizuri."

Bi Futi alikuwa ameukata ule ukubwa kwa mapenzi, na mapenzi yake yalikuwa yametundikwa ukumbini kama ushahidi wa upande wa pili. Lile gauni halikurudishwa. Waliliweka ndani ya kabati la kioo kwenye lango la halmashauri, na wageni wanaopita huambiwa mto wa hapa una mwili mzuri.

Mvua zilipokwisha, kitalu kikafungwa. Mdogo mtu alihamia chumba cha nyuma ya duka, pale walipokuwa wakilala wote wawili na mama, akawa anatia vifungo na kupiga pasi. Jumatatu moja mto ukaja tena. Safari hii haukuhitaji kupishwa kwenye benchi; ulikaa kwenye kigoda, miguu haikufika chini.

Bi Futi aliusimamisha kwenye ukuta wa mlango wa nyuma, ambako bado ipo mistari ya chaki ambayo mama yake alikuwa akiwapigia kila mwaka, na ambayo hakuna mpaka rangi aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Utosi wa mto ulifika kwenye mstari mmoja wa chini.

"Huo ni wangu," mdogo wake alisema. "Mwaka nilioanza shule. Mama alinikamata sikio nikae wima."

Walicheka kidogo. Bi Futi alipiga mstari mpya juu ya ule wa zamani, ukutani kwake, ndani ya duka lake, kisha akachukua mkasi.

"Nikate kwa mwili wa zamani au wa leo?" aliuliza, ingawa ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Wa leo, dada. Mkatie wa leo."

Kitambaa kipya hakikuhitajika. Mabaki ya lile gauni la kwanza yalitosha. Alikata kwa kipimo chenyewe, bila kuongeza hata upana wa kidole, taratibu kama anayekata sanda, kwa maana hakuwahi kumshonea mgonjwa hivyo. Lakini alipofika chini alisita. Akakunja upindo mara moja, akakunja tena, upindo mrefu kama wa sare ya mtoto anayetarajiwa kukua, akaushona kwa mishono mikubwa ambayo ni rahisi kufumua. Mdogo wake aliona, akamtungia uzi.

Mto ulivaa, na gauni likaukaa barabara. Ulijizungusha mbele ya kioo, maji yasifike mezani, ukatoka kwa mlango wa mbele kama ulivyoingia.

"Anayefuata," Bi Futi aliita.

Aliyefuata alikuwa afisa taarifa. Lile koti lilikuwa limeanza kumbana. Alikiruka kidimbwi kilichobaki sakafuni, akitazama viatu vyake, akasimama mbele ya kioo. Bi Futi alimzungushia futi kiunoni.

Afisa akavuta tumbo.