Dirisha la Wazee

"Shikamoo, mama," muuguzi mwenye mvi aliniambia. Nikaitikia marahaba, maana kifua kilikuwa kimenibana na sikuwa na pumzi ya kubishana. Akanishika mkono, akanipitisha mbele ya foleni yote mpaka kwenye dirisha lililoandikwa WAZEE.

"Mwaka wa kuzaliwa?" karani aliuliza.

"Themanini na nane."

"Nimeuliza mwaka, bibi, sijauliza umri."

"Na mimi nimekutajia mwaka. Elfu moja mia tisa themanini na nane."

Akanyoosha mkono, nikampa kitambulisho. Alikitazama, akanitazama, kisha akakirudisha. "Hapa ni kwa waliofika miaka sitini. Rudi mwisho wa foleni."

Nilikohoa kwenye khanga, nikaikunja haraka wasione damu. Hasira ilinipa pumzi kidogo.

"Nimeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo miaka kumi na tano, na vumbi lake nimelimeza lote. Tulianza wanawake sita. Mkubwa wetu tulimzika ana arobaini na mmoja, na sasa nimebaki peke yangu. Hiyo sitini yako, sisi wa machimboni tutaifikia wapi?"

Karani akainamia karatasi zake. Muuguzi bado alikuwa amenishika mkono, lakini vidole vyake vilikuwa vimelegea.

"Mimi nina hamsini na sita," alisema taratibu.

"Basi shikamoo," nikamwambia, nikageuka kuutafuta mwisho wa foleni.