Damu ya Papa Godefroid

Jumatatu ya kwanza ya Machi 1993, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Edith Kapya alikuwa anasugua mirija ya maabara ndani ya ndoo, kwa maji ya kisima kwa sababu bomba lilikauka tangu Alhamisi, mrija mmoja ulipoanza kulia king'ora. Alisoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Ilikuwa damu ya baba yake, iliyotolewa jana yake. Aliandika saa kwenye daftari, akaendelea kuosha.

Baba yake, Papa Godefroid, alitoka Mitwaba, kaskazini mwa jimbo, akiwa kijana, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha mvuke cha kiwanda. Yeye ndiye aliyevuta king'ora kilichoamsha kambi nzima ya wafanyakazi. Kiwanda kilizimwa mwaka uliopita, na king'ora nacho kikanyamaza. Sasa mzee alilala wodi ya wanaume, akiugua ugonjwa wa uboho. Akikohoa, mbavu zilivunjika.

Daktari Donat, mkuu wa maabara, alifika kwa miguu saa mbili.

"Docta, damu ya papa inalia," Edith alimwambia.

"Inalia saa gani?"

"Saa ya kazi."

Donat aliinua mrija mbele ya dirisha. Alikuwa amepokea barua kutoka kwa mwalimu wake wa Ubelgiji, na makala ndani yake, kuhusu kimeng'enya kilichopatikana kwanza kwa konokono wa baharini, na kimeng'enya kingine cha ukoo huo kinachokaa juu ya ngozi ya chembe za damu ya binadamu.

"Iko muntu wa king'ora mu chembe," alisema. "Anakamata chakula cha chembe, anakikunja, kinakuwa pete. Pete inaenda ku depo, ku stoo ya chembe, depo inafunguka, kalsiamu inatoka. Njo chembe inaamuka: musuli unavuta, chembe nyeupe inaenda kupigana na mikrobe. Kwa papa yako, chembe zenye kugonjwa ziko na bale bantu mingi sana."

"Njo banaita."

"Njo kazi yabo."

Mlio ulikuwa umevuka ukuta wa hospitali. Kambini wanawake waliwasha majiko yao ya mbabula bila kuulizana, na moshi wa makaa ukatanda juu ya paa kama zamani. Wanaume walivaa buti, wakaenda hadi lango la kiwanda, wakakuta mnyororo. Walisimama pale wakikumbushana nani alikuwa zamu gani, kisha wakarudi. Kesho yake wakaenda tena. Hakuna aliyekuja kuomba mrija unyamazishwe. Edith mwenyewe, kila ulipolia, alisikia mdomoni ladha ya maziwa ya moto waliyokuwa wanagawiwa watoto kwenye mlango wa shule ya masista, naye akimshika mama yake kitenge ili asipotee katikati ya watu wengi vile.

Lakini mzee alizidi kuwa mwepesi. Donat alieleza kwamba kila wito unatoa kalsiamu, na depo ya Papa Godefroid ilikuwa mifupa yake. Kwenye vitabu, alisema, mambo hayo mawili hayajaunganishwa. Kwa mzee yalikuwa yameungana.

"Papa, tumwange ile damu?" Edith aliuliza.

"Bantu banaamuka mu saa?"

"Banaamuka."

"Basi, acha."

Siku zile redio ilikuwa inasema kila jioni kwamba watu wa Kasai, jimbo la jirani, warudi kwao. Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, vijana wapatao sitini waliingia uani mwa hospitali na mawe na kidumu cha petroli. Mbele alikuwa Faustin, ambaye Edith alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Docta Donat, ule Mukasai, atoke!"

Edith alipanda wodini na sindano. Baba yake alisikia kelele, akatazama saa ya ukutani.

"Haiko saa yake," alisema. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuvuta king'ora nje ya saa.

"Ni kwa Docta, papa."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono.

Mrija mpya ulilia kabla haujajaa. Uani mikono ilifunguka, mawe yakaanguka. Vijana walijipanga wawili wawili, kama baba zao, wakaelekea lango la kiwanda. Faustin aliweka kidumu chini taratibu, asimwage.

Kwenda na kurudi kulichukua dakika arobaini. Katika dakika hizo Donat alimchukua mke wake na binti yao Bijou, masanduku mawili na ile barua ya Ubelgiji, Edith akawasindikiza hadi stesheni. Maelfu ya watu walikuwa wamelala pale nje, juu ya vyungu na magodoro yao, wakingoja treni ya Kasai. Donat alimpa ufunguo wa kabati la darubini. Bijou aliuliza kama kule kuna shule.

Edith aliporudi, Faustin alikuwa anamngoja mlangoni.

"Docta iko wapi?"

"Iko ku gare."

"Basi, haina shida," alisema Faustin, akaokota kidumu chake. Ndiko walikokuwa wanataka aende.

Papa Godefroid alifariki alasiri ile. Picha ya eksirei ya mkono aliounyoosha haikuonyesha mfupa. Jeneza lilibebwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa Faustin.

Mwezi wa tano utawala wa hospitali ulimteua Edith kuwa mkuu wa maabara, kwa kuwa alikuwa mtoto wa jimbo. Alikubali. Asubuhi moja mama mmoja wa mtaa wa Kasungami alileta karatasi ya vipimo.

"Docta Donat yuko?"

"Alirudi kwao," Edith alisema, akapiga muhuri.

Donat alizaliwa ghorofani, juu ya maabara hiyo hiyo, mwaka wa 1951. Kitabu cha wodi ya wazazi cha mwaka ule, chenye jina lake, kilikuwa bado kabatini.