Kizibo cha Boila

Kwa miaka miwili Mogesi alikuwa na jibu moja tu kwa kila aliyemuuliza kama lile gari moshi la kampuni litawahi kufanya kazi tena. "Haiwezekani," alisema, tena kwa uchovu, huku akiendelea kulipaka vyuma mafuta ya kondoo. Hapo ndipo watu waliposhindwa kumwelewa. Nani anampaka maiti mafuta kila Jumamosi? Lakini kati ya wote waliowahi kuliendesha alikuwa amebaki yeye peke yake, na mzee wa namna hiyo akishasema haiwezekani, utamfanya nini.

Gari lenyewe halikuwa kubwa. Kampuni ya dhahabu ililileta enzi za Waingereza livute mawe kutoka mashimoni hadi kwenye kinu, na watu wa upande ule wa Matongo wakaliita Dume. Kampuni ilipofunga virago, reli ziling'olewa usiku na mchana, nyingine zikawa madaraja, nyingine nguzo za mazizi, zikabaki hatua thelathini tu chini ya magurudumu ya Dume. Akaja mtu wa serikali na kopo la rangi, akaandika MALI YA UMMA ubavuni, akamwachia Mogesi ulinzi, akaondoka. Hakurudi hata kuuliza kama rangi ilikauka.

Kisha ikaja Operesheni, watu wakahamishwa kutoka kwenye miji yao ya ukoo wakapangwa mistari miwili katika kijiji cha ujamaa, karibu kabisa na lile gari. Nyumba ya tatu kutoka kwa Mogesi alipewa Felista, mjane mwenye watoto watatu, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya kijito akitokea kwao Kenyamonta. Kila asubuhi alipopita kwenda kisimani alimsalimu mzee, "Shikamoo, tata," kama anayemsalimu baba, naye akajibu, "Marahaba." Mke wa Mogesi alipofariki, Felista akaanza kumletea uji. Mzee alikunywa. Hakuwahi kuacha hata kidogo katika kibuyu, wala hakuwahi kuusikia utamu wake.

Mambo yaliharibika vita vya Kagera vilipoanza, mwaka 1978. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, na tangu hapo dizeli ilikuwa kitu cha kusikia kwenye redio. Wenye nguvu walibeba mahindi hadi Tarime wakajiunga na foleni ya huko, wakarudi kesho yake nusu ya magunia ikiwa bado punje. Wasio na nguvu walirudi kwenye jiwe. Felista alisaga kwa jiwe mpaka kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba na kukataa kukunjika. Akamtoa binti yake Nyangi darasa la tano, akamkabidhi jiwe.

Ndipo katibu wa kijiji, Athanas, akapata wazo. Alikuwa kijana mwenye haraka, aliyewahi kusomea ufundi kidogo Musoma kabla ya kupewa kalamu na mihuri. Alisema Dume halihitaji reli. Linyanyuliwe juu ya mataruma, yale magogo ya reli, magurudumu yazunguke hewani, mkanda wa zamani wa kinu uvishwe kwenye gurudumu kubwa, upande wa pili ufungwe kwenye mashine ya kusagia. Kuni zipo, maji yapo. Mkutano mzima ulipiga makofi. Kisha watu wote wakageuka wakamtazama Mogesi.

"Haiwezekani," Mogesi alisema. "Mirija ya boila imeoza."

"Umeitazama lini?" Athanas aliuliza.

"Mura, wewe kijana, mimi nimelilisha hilo gari kuni kabla hujazaliwa."

Kesho yake Athanas hakuomba ruhusa. Alivua shati, akachukua tochi, akajipenyeza kupitia mlango wa tanuri mpaka miguu ikapotea. Mogesi alisimama nje akisikia nyundo ikigonga chuma, ko, ko, ko, sauti safi ya chuma kizima. Akakaa juu ya reli. Alijua kijana atakachokikuta, na alijua amechoka mno kubuni uongo mwingine.

Athanas alitoka mweusi tii, anacheka. "Mzee, umetupiga chenga! Mirija yote mizima, boila halina kutu. Kasoro ni moja tu. Darini mwa tanuri kuna matundu mawili, kila moja lingeingia kidole gumba. Nitatia bolti mbili za chuma, nikaze, Jumatatu tunasaga."

"Hapana," Mogesi alisema.

"Hapana nini tena?"

"Hayo si matundu ya bolti. Hapo hukaa vizibo vya shaba, ndani yake moyo wa madini ya risasi. Maji yakipungua ndani ya boila, moto unaikuta dari imekauka. Ile risasi inayeyuka, mvuke unashuka unazima moto, na watu wanabaki hai. Ukitia chuma, chuma hakiyeyuki. Boila litapasuka, na wanawake wako wapo kwenye foleni na madebe yao."

Athanas alijikuna kichwa. Bolti alikuwa nazo mfukoni, tayari, na kungoja hakukuwa katika tabia yake. Lakini mzee hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa mara moja.

"Vizibo vyenyewe viko wapi?"

"Ninavyo nyumbani. Vitupu."

"Na risasi yake?"

"Iliisha."

"Iliishaje?"

"Kwa uzee," Mogesi alisema, akatazama pembeni.

Haikuisha kwa uzee. Mwaka 1972, kabla ya Operesheni, ng'ombe kumi na mmoja wa Mogesi waliibwa zizini. Mdogo wake, Heche, alikuwa na gobole lakini hakuwa na cha kutia ndani. Mogesi mwenyewe aliingia tanurini, akafungua vile vizibo viwili, akaiyeyusha risasi yake kwenye kikaango. Alikuwa na nati kubwa aliyoipasua katikati kwa msumeno, akaifanya kalibu ya kumiminia, akamimina goroli tisa. Kila goroli ilitoka na mifereji myembamba kiunoni, alama ya meno ya nati. Alimpa Heche zote tisa na kumwambia asirudi mikono mitupu.

Heche na wenzake walizifuata nyayo za ng'ombe mpaka kijitoni. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi. Heche, aliyekuwa ametangulia peke yake, aliona mtu anaswaga ng'ombe, akafyatua. Yule mtu alikuwa Magige, mume wa Felista, aliyetoka kumtafuta mtamba wake mmoja aliyepotea, na mtamba huyo alikuwa wake kwa haki kabisa. Watu walisema wezi ndio waliomuua. Heche alimnong'oneza kaka yake ukweli, siku ya pili akavuka Sirari kuingia Kenya, na hakurudi tena. Ng'ombe nao hawakurudi. Mogesi alibaki na vizibo viwili vitupu, akavifunga kwenye kitambaa na kuvichomeka darini mwa nyumba yake, halafu serikali ikamleta yule mjane ikamweka jirani yake.

Kwa hiyo hakuwa mwongo wa kawaida, huyu mzee. Alilipenda gari, akalitunza lisife. Na alihakikisha haliwaki, maana siku likiwaka itabidi aombe risasi, na akiomba risasi mtu atauliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Sasa alikuwa ameulizwa, amejibu ujinga, na kijana ameuamini.

Tangazo lilitolewa: mwenye kipande chochote cha risasi akipeleke kwa Mogesi. Watu walileta betri ya lori iliyokufa, timazi ya fundi mwashi, vipande vya bomba kutoka mashimoni. Ile ya betri ilikuwa imeoza ikatoa majivu zaidi kuliko madini. Mogesi aliiyeyusha yote kwenye kikaango kilekile, akajaza kizibo cha kwanza. Cha pili kilijaa zaidi ya nusu, kikapungua kiasi cha ncha ya kidole. Akakaa chini. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha kwa moshi, na akajikuta akifurahi kwa aibu kwamba pengine jambo litakwamia hapo.

Felista alimkuta amekaa hivyo, saa nne asubuhi.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, Felista."

Alikaa juu ya taruma, akaanza kufungua fundo kwenye ncha ya khanga. Mkono wa kulia ulikuwa mgumu, akalimalizia kwa meno. "Nimesikia imepungua."

"Kidogo tu. Kama ya ncha ya kidole."

"Basi tia na hii."

Alimwekea kiganjani goroli moja. Upande mmoja ilikuwa imebonyea. Upande wa pili ulikuwa mzima, umezungukwa na mifereji myembamba, na Mogesi hakuhitaji kuitazama mara mbili.

"Siku ile nilipomwosha Magige niliikuta chini ya ngozi ya mgongo," Felista alisema. "Sikuwapa polisi. Nilijiambia nitaitunza mpaka nimjue mwenyewe, nimrudishie. Miaka minane, tata. Nimehama nayo, nimelala nayo. Nimechoka. Afadhali inisagie unga."

Kikaango kilikuwa bado motoni. Ingemchukua Mogesi kufumba na kufumbua: angeiachia tu, mifereji ingelainika, ingechanganyika na timazi na betri, na hakuna jicho la mtu lingeiona tena mpaka mwisho wa dunia. Hakuwa na sababu yoyote ya kusema. Hata mkono wake ulikwisha kunyooka juu ya moto. Lakini ule mkono ulikuwa umechoka kama mwili wote ulivyochoka, na akaurudisha.

"Felista. Hii ilitoka humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye kizibo hiki. Niliiyeyusha mimi, nikamimina mimi, nikampa Heche. Alidhani Magige ni mwizi wa ng'ombe zetu."

Alimsubiri apige yowe. Yowe lingewaleta watu wote wa kijiji mbio, na yeye angekaa palepale juu ya taruma wamfanye watakavyo. Felista hakupiga yowe. Alikitazama kikaango, akalitazama gari kuanzia gurudumu hadi bomba la moshi.

"Kumbe lilikuwa zima," alisema.

"Nini?"

"Gari. Siku zote lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima."

"Na wewe ukasema haiwezekani."

"Nilisema."

"Ili usiulizwe."

Mogesi alitikisa kichwa kukubali.

Felista aliunyoosha ule mkono uliovimba, akamwekea mbele ya macho, karibu mno, hata Mogesi akarudi nyuma kidogo. "Nyangi alikuwa wa tatu darasani. Nilimtoa kwa mkono huu. Uji uliokunywa kila asubuhi, unga wake niliusaga kwa mkono huu, ulipokataa akausaga yeye, na wewe ulikuwa unatuona. Heche alimuua Magige asubuhi moja, tena kwa kukosea. Mimi umenisaga miaka miwili, na hukukosea."

Mogesi aliitazama ile goroli kiganjani. Maneno ya kuomba radhi aliyokuwa ameyapanga kwa miaka minane yalikuwa yote ya Magige, hakuwa na hata moja la jiwe la kusagia.

Felista aliichukua goroli kutoka kiganjani mwake na kuitia kwenye kikaango mwenyewe. Wakaitazama wote wawili. Ilikaa kitambo na sura yake, kisha ikalegea, mifereji ikapotea, ikawa maji ya kung'aa.

"Mengine nitayasema siku nitakayotaka, na nitayasema kwa nimtakaye," alisema akinyanyuka. "Wewe kwanza washa."

Akawasha. Iliwachukua wanaume siku mbili kulinyanyua Dume juu ya mataruma, na wanawake asubuhi nzima kulijaza maji debe kwa debe. Mogesi alivikaza vile vizibo mwenyewe, amelala chali ndani ya tanuri, masizi yanamdondokea machoni. Jumatano saa tatu mvuke ulipanda, akafungua kishikio taratibu, na gurudumu lililokaa kimya tangu kampuni iondoke likajivuta, likasita, likazunguka. Mkanda ukapiga kelele. Mashine ya kusagia ikakohoa vumbi la miaka miwili, halafu ikatema unga. Athanas alirukaruka akiita watu kwa majina. Vigelegele vilisikika hadi mashimoni.

Mogesi hakufurahi alivyodhani angefurahi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo cha kuonyeshea maji, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa, kuangalia maji yasipungue. Wanawake walipita mmoja mmoja na madebe kichwani kwenda kwenye foleni. "Shikamoo, tata." "Marahaba." "Shikamoo, tata." "Marahaba." Wengine walimshukuru, mmoja akamwekea ndizi mbivu miguuni.

Felista alikuja wa saba, peke yake; Nyangi alikuwa shuleni. Debe alilishikilia kwa mkono wa kushoto. Mogesi alimwona kutoka mbali, akaiweka marahaba tayari mdomoni kama alivyoiweka kila asubuhi kwa miaka sita, akimngojea afike.

Felista alifika, akapita mbele yake, akaenda kusimama kwenye foleni. Mzee alikaa na ile marahaba mpaka akaimeza, kisha akageuka kukitazama kioo cha maji.