Mikono Miwili ya Kulia

Mtu asiniambie nipumzike. Nimepumzika hadi nimechoka. Nalala mapema, naamka mwili mzito kama nimeshinda nikibeba magunia, nakaa kwenye cherehani, nikishika uzi nasahau nilikuwa nautaka wa nini. Halafu anakuja mtu na mdomo wake: "Fundi, pumzika kidogo." Aka! Nipumzike nini, na kazi yenyewe siifanyi?

Mimi wananiita Futi, na jina hilo sikupewa bure. Tangu mama atuachie kibanda hiki mimi na mdogo wangu, mteja nilikuwa nampima mara moja tu, siandiki kitu. Mwaka ukigeuka akirudi namwambia, "Kiuno kimeongezeka, usinidanganye." Mdogo wangu kazi yake kushona na kuwachekesha wateja, kukata ni mimi. Na mama alituachia sheria moja: mkasi ukiwa kwenye kitambaa, hakuna kusema. Hata nyumba ikiungua, ngoja nimalize.

Sasa tazama mambo. Nilimpima mwalimu mmoja, mtu na heshima zake, nikageuka kuchukua chaki. Chaki nikaipata, vipimo vikatoweka. Nikampima tena. Nikampima tena, akaniuliza kwa upole kama mwili wake una tatizo. Siku nyingine nikamuuliza mdogo wangu pini ziko wapi, akacheka mpaka akakaa chini, maana nilimuuliza nikiwa nimezibana mdomoni. Na mimi nikacheka, kicheko cha kutimiza wajibu tu. Moyoni nilikuwa naogopa sana. Bibi yetu alianza hivihivi, akaishia kumuuliza mama, mwanawe wa kumzaa, "We msichana, wazazi wako ni nani?"

Sikumwambia mtu. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, na gauni la harusi alikuwa akilitamani tangu tukiwa watoto tunajifunga mapazia kichwani: lesi nyeupe, yenye mkia mrefu wa kuburuta. "Dada asiponikatia gauni, siolewi," alikuwa akitangaza kwa kila aliyeingia kibandani. Lesi yenyewe ilikuwa ya mwisho dukani. Muuzaji alitukabidhi mpaka kibao ilichozungushiwa.

Siku ya kukata nilibaki peke yangu. Nikakata kifua, nikakata mgongo, sketi, na ule mkia. Nikaweka karatasi ya umbo la mkono wa gauni juu ya lesi, nikakata mkono mmoja. Ili upate wa pili lazima karatasi uigeuze, maana lesi ina uso na ina mgongo, na mkono wa kulia hauwezi kukaa kushoto. Hilo hata anayejifunza wiki ya kwanza analijua. Mimi nikahamisha karatasi bila kuigeuza, nikakata. Nilikuwa nawaza nini? Ningekuwa nawaza kitu, ningekwambia.

Nilipoilinganisha, yote miwili ya kulia. Nikageuza huu, nikageuza ule, kama mtu anayebishana na kiatu. Lesi iliyobaki haikutosha hata kitambaa cha mkononi. Nikaurusha mkasi ukutani, nikakaa sakafuni kati ya vipande, na hata machozi hayakutoka. Hilo ndilo lililonikera kupita yote.

Mdogo wangu ndiye aliyenikuta. Akaitazama ile mikono, akanitazama mimi, akafunga mlango.

"Dada, unaumwa."

"Siumwi. Nimekuwa bibi."

"Haya, twende tukaambiwe kama umekuwa bibi."

Daktari alikuwa binti mdogo tu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akaniuliza habari za usingizi, chakula, na lini mara ya mwisho nilifurahi. Nikamwambia sikuja kupimwa furaha, nimekuja kupimwa kichwa. Hakukasirika. Akauliza mengine mengi, akanipima damu, na siku ya majibu akasema hii ni sonona.

"Sonona?" nikasema. "Mimi silii. Sina msiba. Sina hata muda wa hiyo sonona!"

"Wengine hawalii, mama. Wala haingoji msiba. Inakaa kwenye akili, inakula umakini. Vile vipimo hukuvisahau. Havikuingia. Kisichoingia utakikumbukaje?"

"Kwa hiyo si kama bibi?"

"Sioni dalili hizo. Hii inatibika. Utameza dawa, utakuja tuzungumze. Ila itachukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu."

Wiki kadhaa! Na harusi je, nayo imeze dawa isubiri? Nilitoka pale na dawa mkononi, nimefura. Ndiyo, nilishukuru kwamba sijawa bibi. Lakini ukiambiwa moto utazimwa mwezi ujao, utacheza ngoma?

Tulipofika kibandani nikamwambia mdogo wangu achukue lesi yake aipeleke kwa fundi wa sokoni, labda yeye ataokoa kitu. Mdogo wangu akautandaza ule mkia juu ya meza, akauweka sawa kwa viganja.

"Kata mkono hapa."

"Una wazimu? Mkia umeutaka tangu utotoni!"

"Niliutaka. Sasa nautaka mkono wa kushoto. Au unataka nikaolewe nimevaa kizibao?"

"Nitakosea tena. Nakwambia nitakosea!"

"Basi utakosea nikiwa hapa. Chukua mkasi."

Nikauchukua kwa hasira. Nikaweka karatasi.

"Igeuze," akasema.

Nikaigeuza. Nikachora kwa chaki, nikaanza kukata. Na yeye anasema tu: nyoosha, taratibu, sasa unaingia kwapani.

"Nyamaza, mkasi uko kwenye kitambaa!"

"Sinyamazi. Mama atanisamehe."

Kwenye mviringo wa kwapa akili ikazima. Mkasi umefunguka, lesi iko katikati ya meno yake, na mimi sijui naelekea wapi. Nilitamani kupiga kelele. Ndipo mdogo wangu akaweka kidole chake juu ya mstari wa chaki, mbele kabisa ya mkasi.

"Nifuate."

"Toa kidole, nitakukata!"

"Basi kitazame."

Nikakitazama. Kikasogea kidogo, nikakata kidogo. Kikasogea tena. Sijui tulichukua muda gani, ila jasho lilinitoka mpaka mgongoni, na kidole hakikuondoka hadi kipande kikaachia.

Nikakiinua kwenye mwanga. Mkono wa kushoto. Mkia umebaki vipande vya kufungia zawadi, na bibi harusi anaviokota sakafuni huku anapiga mluzi.

"Dada, dawa umemeza?"

Nikawaza. Nikatafuta kichwani kote.

"Sikumbuki," nikasema, na kwa mara ya kwanza nililisema hilo neno bila kutafuta uongo wa kulifunika.

"Nakumbuka mimi," akasema, akinimiminia maji. "Hujameza."